Mashine ndogo ya barafu ya mezani: nyumbani sawa, na porini je?

Mzee wa Segerea

Wakuu poleni na joto. Naomba kuuliza kuhusu hizi mashine ndogo za barafu, zile za kuweka mezani jikoni, ukubwa wake kama dumu la lita 20 hivi. Unamwagia maji, unachomeka, unabonyeza, eti baada ya dakika saba nane zinadondoka barafu tisa zenye shimo katikati. Jana nimeikuta Kariakoo jamaa anaiuza laki tatu na nusu, nikimkazia naona itashuka kidogo. Kwenye boksi imeandikwa kilo 12 kwa saa 24, wati 120.

Naitaka kwa mambo mawili. Nyumbani friji letu ni la mlango mmoja, kile kifriza cha juu mama watoto kakijaza vibua na maharage ya kuchemsha, ukiweka trei ya barafu leo, kesho ukitia kwenye glasi maji yananuka samaki, na wakija wageni watatu tu imeisha. La pili, Krismasi tunaenda Mikumi familia nne, tunalala kwenye mahema usiku mbili, na kwenye kikao mimi ndo nimekabidhiwa kitengo cha vinywaji 😅 Sasa nikawaza niibebe hiyohiyo, shemeji yangu ana ile betri kubwa ya kubebea yenye soketi (imeandikwa 500Wh), naichomeka pale chini ya mti barafu zinatoka freshi porini, nani kama mimi.

Kuna anayeitumia? Inakula umeme kiasi gani, inadumu, na hilo la porini linawezekana au najidanganya?

Mama Juisi Tabata

Kaka mimi ninayo, mwaka wa pili huu.

Nilinunua kwa ajili ya biashara, nauza juisi ya ukwaju, ya miwa, na tende na maziwa, nikasema kilo 12 zinanitosha naachana na kununua barafu. Weee. Hizo kilo 12 ni za kwenye boksi. Kwenye kibanda changu saa nane mchana, bati juu, joto hilo, ile ya dakika saba ikawa dakika kumi na mbili, na barafu zenyewe za mwanzo zinatoka nyembamba kama ganda la yai. Nikapima kwenye mzani wa jirani muuza nyanya, saa nzima haijafika hata nusu kilo, na mimi kuanzia saa sita mpaka saa tisa wateja wanapanga foleni. Siku ya tatu nikarudi kununua barafu kama kawaida, mashine nikaipeleka nyumbani, na huko nyumbani ndo nikaipenda.

Kitu ambacho muuzaji hatakwambia: SIO FRIZA. Inatengeneza, haihifadhi. Barafu zikishadondoka kwenye kapu zinakaa pale zinayeyuka polepole, maji yake yanarudi chini kwenye tenki yanagandishwa tena. Ukiiacha imewaka usiku kucha ukidhani asubuhi utakuta mlima, utakuta kapu lile lile moja, halifiki hata kilo, na taa ya kujaa inawaka. Kwa hiyo mimi jioni naiwasha nikiwa napika, kila kapu likikaribia kujaa naweka kwenye mfuko wa nailoni nasukumia kwenye friza, makapu matatu manne nina barafu ya kesho. Zikishikana unagonga mfuko chini mara moja zinaachana.

Halafu tumia maji ya kunywa jamani, yaliyochemshwa yakapoa au ya chupa. Kuna watu wanaamini baridi inaua vijidudu. Haiui, kipindupindu na taifodi vinakaa kwenye barafu vizuri tu vinakusubiri kwenye glasi. Ndo maana hata barafu la Feri lile la samaki mimi nalitumia kupoozea chupa kwa nje tu, siliingizi kwenye juisi ya mtu hata iweje.

Na usiweke juisi wala soda ndani ya mashine!! Mwanangu wa pili alisikia mashine ya barafu akajua ni barafu za ubuyu 🤦🏾‍♀️ akamwaga ubuyu na sukari yake mle ndani nikiwa sokoni. Kale kapampu kalikwama, nimesafisha siku nzima, maji ya uvuguvugu na siki, maji na siki, mpaka leo ukiangalia pembeni ya tenki kuna wekundu.

Dogo wa Mbezi

Laki tatu na nusu kugandisha maji 😂😂 mkuu nunua barafu kwa mama jirani za mia mbili mbili, hiyo hela utaimaliza ukiwa na wajukuu

Mama Juisi Tabata

@Dogo wa Mbezi huyo mama jirani ndo mimi na nimepandisha bei

Fundi Friji Ilala

Mzee wa Segerea, mimi ni fundi wa mafriji na viyoyozi, hizi mashine nimeshazifungua nyingi kwa hiyo ngoja nikueleze ndani kuna nini halafu utaamua mwenyewe.

Ni friji ndogo tu iliyonyimwa mlango. Kuna kompresa, kuna feni, halafu kuna vidole tisa vya chuma vinaning'inia. Pampu inajaza maji kwenye katrei, vidole vinazama, gesi inapita ndani ya vidole inavipoza, maji yanagandia pale kwenye chuma kuelekea nje, ndo maana barafu inakuwa na shimo katikati. Muda ukifika katrei kanapinduka, vali inafunguka, gesi ya moto inarudishwa kwenye vidole sekunde chache, barafu inaachia inadondoka, halafu kuna kikoleo kinazisukuma kwenye kapu. Basi. Hakuna sehemu ya kuhifadhi baridi, zile kuta zake ni plastiki na sponji kidogo, Mama Juisi kasema kweli.

Sasa hiyo kilo 12 wameipima kwenye chumba cha ubaridi wa kwao na maji ya baridi. Huku kwetu maji ya bomba mchana yanafika nyuzi 30. Kuyashusha kutoka 30 mpaka 5 peke yake ni karibu robo ya kazi yote ya kuyafanya barafu. Kwa hiyo dawa ya kwanza ni ya bure: mwagia maji yaliyotoka kwenye friji, robo ya kazi unakuwa umeshaimaliza. Ya pili ipe nafasi ya kupumua, nyuma na ubavuni kwenye feni iache wazi kama shubiri moja, nimeona mtu kaibana katikati ya maikrowevu na ukuta halafu ananiambia fundi gesi imeisha. Gesi haijaisha mama, mashine inavuta joto lake yenyewe.

Umeme usikutishe. Wati 120 kwa saa moja ni uniti 0.12, kwa sisi wa T1, yaani tarifu ya kawaida ya nyumbani, ambao uniti ni kama 350 na kitu ukijumlisha makato, saa nzima ni shilingi arobaini na kitu. Angalia tu kama upo kwenye ile tarifu ya chini, ya uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, ukiiwasha saa nane kila siku ni karibu uniti 29 za ziada na ukishavuka 75 bei inaruka, hapo ndo utakuja kuilaumu LUKU.

Mengine ya kuzingatia, kompresa haipendi kulazwa. Ukiitoa dukani kwenye bodaboda imelala ubavu, mafuta ya kompresa yanakimbilia kwenye mabomba, ukifika ukaiwasha hapohapo unaweza kuiua siku ya kwanza. Isimamishe, iache masaa, mimi nawaambia wateja iache mpaka kesho yake. Umeme ukikatika ukarudi subiri dakika tano kabla ya kuwasha. Na kama kwenu jioni umeme unakuwa mdogo, taa zinafifia, weka stabilaiza, maana kompresa ikijaribu kuwaka na volti ndogo inaunguruma tu mmmm inapata moto bila kuzunguka.

Porini. Betri ya 500Wh, yaani wati-saa 500, inveta inakula chake, zikibaki kama 425. Gawa kwa 120, ni saa tatu na nusu. Kwa joto la Mikumi mwezi wa kumi na mbili saa moja utapata gramu mia tatu na kitu, haya fanya hesabu, betri nzima umepata kilo moja na ushee ya barafu. Familia nne! Hiyo ni barafu ya glasi za wazee tu watoto waambiwe wakalale. Na hakikisha inveta ya hiyo betri inastahimili mshtuko wa kuwaka, kompresa ikianza kuzunguka inavuta mara kadhaa ya hizo wati 120 kwa muda mfupi, betri ndogo zinajizima.

Kwenye kijisoketi cha kuwashia sigara cha gari usijaribu na inveta ya bei rahisi, utakuwa unavuta zaidi ya ampea kumi mfululizo, fyuzi itakatika au betri ya gari itakata roho na hapo mpo porini na simba.

Porini Miaka Kumi

Fundi kamaliza, mimi naongezea upande wa kambi tu maana hilo kosa la kubeba mashine nilishalifanya nikiwa kijana.

Mkuu kambini unabeba barafu, hutengenezi. Nunua au azima madeli mawili makubwa, yaani masanduku ya kutunza baridi, yale yenye kuta nene, siyo yale ya sponji nyeupe yanayovunjika kabla hujafika Chalinze. Moja la vinywaji, moja la nyama na maziwa. La vinywaji litafunguliwa kila dakika na watoto, acha lifunguliwe, la nyama lisiguswe na mtu isipokuwa mpishi.

Barafu yenyewe tengeneza kwenye chupa za maji za lita moja na nusu. Zijaze, acha nafasi ya vidole viwili juu zisipasuke, zigandishe. Kifriza chako hicho cha vibua hakiwezi, nenda kwa muuza soda au bucha mwenye friza la kulala muombe, mpe hata ya soda, wiki moja kabla. Chupa kumi ni kilo 15 za barafu. Kwa ile betri ya shemeji ungetakiwa kuichaji mara kumi na mbili ndo uzipate 😄 na uzuri wake chupa ikiyeyuka haimwagi maji kwenye nyama, na yale maji unakunywa, hupotezi kitu.

Usiku wa kabla ya safari weka chupa mbili za barafu ndani ya deli tupu ulifunge, ili kuta zake ziwe zimeshapoa, asubuhi ndo upange. Vinywaji viingie vikiwa vimeshatoka kwenye friji, ukiweka kreti ya soda ya moto barafu yako yote inaishia kupoza soda kabla ya Morogoro. Nafasi zilizobaki jaza magazeti au kanga, hewa tupu ndo adui. Ukifika deli likae kivulini, na kivuli kinahama, kwa hiyo na deli lihame.

Na Mikumi kuna nyani. Deli lifungwe kwa mkanda au liwekewe kitu kizito juu, wale jamaa wanafungua kuliko mtoto wako. Matunda msilale nayo kwenye hema, tembo ana pua.

Kama una hela ya kuchezea kwa ajili ya safari, usinunue mashine ya barafu, nunua friji ya gari ya kompresa ya volti 12. Ile ikishapoa inapumzika inawaka kwa vipindi, inahifadhi, betri ya shemeji inaweza kuivusha usiku mzima.

Mie wa Maskati

Assalaam aleykum. Mie nipo Maskati, mashine hizi huku nyumba nyingi n'nazoingia utazikuta, khasa Ramadhani, magharibi ikikaribia kila mtu ataka barafu yake kwenye Vimto. Ndani ya nyumba yenye kiyoyozi inafanya kazi ya sawa sawa, hapo kweli dakika nane tisa zinakudondokea.

Lakini nikupeni kisa. Mwaka jana mwezi wa sita tulikwenda ufukweni, mie nikaichomeka kwenye inveta ya gari, mashine ipo nyuma kwenye buti. Joto la nje arubaini na tano, ndani ya buti sijui ngapi. Ikanguruma saa nzima, feni inapuliza hewa kama ya tanuri, barafu hata moja, iliotoka ni maji ya baridi tu basi. Nikasoma kitabu chake ndo nikaona kimeandikwa mwisho wake nyuzi 43. Mke wangu akacheka akateremka akenda kununua mifuko miwili ya barafu kituo cha petroli.

Tangu hapo kambi zetu twafanya majira ya baridi tu, tukipanda Jebel Shams, kule juu usiku ni koti na blanketi, barafu nani aitaka, twataka chai ya tangawizi. Skiza ushauri wa huyo bwana wa madeli.

Naiva Campers

Mimi niko Kenya, niliwahi kubeba yangu hadi Naivasha, lakini hio camp ilikuwa na stima, tulikuwa tunachomeka kwa soketi ya ukutani kando ya jikoni. Hapo ilifanya poa sana maze, hewa ya huko ni baridi kuliko Mombasa kwetu, kapu linajaa mbio. Shida ni kelele, si kubwa, lakini usiku ukiwa kimya ile krrr ya barafu kuanguka kila dakika nane, majirani wa hema la pili walikuja kutuuliza ni nini hio inakohoa. So kama camp iko na stima beba, kama haina wacha.

Mzee wa Segerea

Asanteni sana wakuu, nimejifunza mengi kuliko nilivyotegemea. Mama Juisi pole kwa ubuyu 😂

Swali moja la nyongeza kwa fundi. Binamu yangu anarudi likizo kutoka Marekani, anasema huko anayo hajaitumia sana ataniletea bure, mimi ninunue tu transfoma ya kushusha umeme. Nisubiri ya bure au ninunue ya Kariakoo?

Fundi Friji Ilala

Nunua ya Kariakoo. Ya Marekani ni volti 115 na hezi 60. Transfoma itakushushia volti kutoka 230, sawa, lakini hezi zinabaki 50 zetu hizi hizi, transfoma haigusi hezi. Kompresa iliyotengenezewa 60 ikilishwa 50 inazunguka taratibu zaidi na inapata moto, nyingine zinavumilia nyingine zinaungua, na spea yake hapa huipati. Ongeza bei ya transfoma, ongeza umeme transfoma inaokula, hiyo bure yako ina gharama. Mwambie binamu alete viatu.

Dukani kabla hujalipa soma kile kibandiko cha nyuma: 220-240V, 50Hz. Halafu tafuta herufi ya hali ya hewa, ukikuta T ndo ya joto kama letu, inavumilia mpaka nyuzi 43 (huyo bwana wa Maskati kaifikisha mwisho wake akapitiliza 😀), ST ni mpaka 38. Gesi nyingi siku hizi ni R600a, ni jamii moja na gesi ya jikoni, inawaka. Ni gramu chache tu usiogope, ila usiiwashie ndani ya hema lililofungwa, na ikija kuharibika usimpe fundi wa kuchomelea mwenye haraka.

Mzee wa Segerea

Wakuu nimerudi na ripoti, heri ya mwaka mpya kwa wote.

Nilinunua, laki tatu na ishirini, herufi T ipo nimeiona mwenyewe. Nimeisimamisha mpaka kesho yake kama fundi alivyosema japo mama watoto alikuwa anaizunguka kama paka. Nikapima kwenye mzani wa jikoni: saa ya kwanza kwa maji ya bomba yaliyochemshwa, yakapoa kawaida, gramu 310. Siku ya pili saa ile ile, maji yametoka kwenye friji, gramu 390. Fundi heshima yako. Nyumbani sina malalamiko, jioni inawaka masaa mawili, glasi za wageni hazinuki tena kibua.

Sasa Mikumi. Nakiri mbele yenu, sikusikiliza. Yaani nilisikiliza nusu. Madeli mawili nilibeba, chupa kumi na mbili nilizigandisha kwa muuza soda wa mtaani, LAKINI na mashine nikaiweka kwenye gari, imesimama katikati ya mapaja ya shemeji njia nzima maana nyuma ingelala. Tumefika saa tisa, tumesimika mahema, nikaipumzisha mpaka jua lilipokaribia kuzama, nikaichomeka chini ya mti. Ilipoanza kuunguruma watoto wote waliacha mpira. Walikuwa tisa, wamepiga magoti wanachungulia kwenye kile kidirisha, barafu zikidondoka wanapiga makofi, wakagawana moja moja kila mtu akafyonza yake wakasubiri raundi nyingine. Kwa hiyo raundi nne za kwanza hazikufika hata kwenye kapu, zilipitia mdomoni.

Betri ilikata saa tatu na dakika kama ishirini baada ya kuwasha. Ukijumlisha na za watoto sidhani kama ilivuka kilo na robo, fundi umepiga hesabu kama ulikuwepo. Tatizo hakuna aliyekumbuka kwamba hiyo betri ndo ilikuwa ya taa ya kambi na ya kuchaji simu. Giza totoro, wali uko jikoni unapikwa kwa tochi ya simu yenye asilimia kumi na moja, na mama watoto hakusema neno. Aliponyamaza ndo nikajua.

Madeli sasa. La nyama siku ya kuondoka nimefungua, chupa bado zina mti wa barafu katikati, maziwa baridi kabisa. La vinywaji lilimaliza barafu jioni ya siku ya pili, kwa sababu ya watoto na pia kwa sababu ya nyani. Asubuhi ya kwanza tumekaa tunakunywa chai, nikamuona mmoja kaja taratibu kama anakagua, kasimama kwa miguu miwili, kaondoa lile jiwe nililoweka juu (kaliondoa kwa mkono mmoja, halafu kalitazama), kafungua, kachukua mfuko wa chapati uliokuwa juu ya soda, kaondoka bila kufunga. Tulivyoenda kumfukuza deli limekaa wazi juani nusu saa, kila mtu anadhani mwenzake kalifunga. Mkanda jamani, siyo jiwe.

Porini Miaka Kumi

Nilisema mkanda AU kitu kizito, nafuta hicho kitu kizito. Jiwe la kilo ngapi mkuu?

Mzee wa Segerea

Tano sita hivi. Kalibeba kama andazi.

Fundi kabla sijasahau, tangu tumerudi mashine ina ugonjwa. Naweka maji mpaka mstari, baada ya dakika moja taa ya maji kuisha inawaka, naongeza inazima, inawaka tena. Tenki limejaa kabisa. Ni sensa imekufa?

Fundi Friji Ilala

Usikimbilie sensa. Chomoa umeme, fungua kile kizibo cha chini maji yamwagike yote, toa kapu, chungulia chini ya tenki utaona kachujio kadogo ambako pampu inavutia maji. Kakiziba pampu hainyanyui maji ya kutosha kwenye katrei, mashine inadhani maji yameisha. Kama una maji ya kisima cha chumvi ni chokaa ya maji, chemsha maji yapoe, changanya na siki au ndimu, mwagia humo, iache kama nusu saa, sugua na mswaki laini, suuza mara tatu na barafu za raundi mbili za kwanza tupa. Nijulishe umekuta nini.

Mama Juisi Tabata

Mimi nasema ni ubuyu

Mzee wa Segerea

Siyo ubuyu. Ni mnanaa. Majani matatu ya mnanaa yamejikunja kwenye kachujio, na sasa hivi nimeita watoto wote sebuleni kila mmoja anamuangalia mwenzake. Nimeyatoa, nimesuuza na ndimu, imewaka vizuri, iko raundi ya pili.

Dogo wa Mbezi

Mkuu hiyo betri ya shemeji ilisharudishwa? naulizia tu 😂

Mzee wa Segerea

Anaijia Jumamosi. Anasema atakuja na glasi yake.